Yanayosemwa Kuhusu Wanakijani wa Ulaya, na Yaliyotokea

Tangu matokeo ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Juni 2024 yatangazwe, vyama vya Kijani vimekuwa vikisomewa talakini. Kundi lao bungeni lilishuka kutoka viti 74 vya mwaka 2019 hadi 53, na wachambuzi wengi, wa huko na wa huku kwetu, wakaona wakati wa kufunga hesabu umefika. Katika vipindi vya redio na katika makundi ya simu, maneno yanayorudiwa ni yale yale: kwamba hao ni watu wa mtindo wa juzi, ni wakomunisti waliojificha, ni matajiri wa mjini, ndio waliozima umeme wa Ujerumani, na wakipewa madaraka hawafanyi kitu. Baadhi ya maneno hayo yana chembe ya kweli, nami nitaikubali nikiifikia. Mengi lakini yalitungwa na wapinzani wao, yakaletwa kwetu bila historia yake, na kijana wa Afrika Mashariki anayetaka siasa ya misitu, mito na hewa safi anavunjwa moyo kwa mfano ambao haukutokea hivyo.

Kwanza, huo mtindo wa juzi. Inasemwa siasa ya Kijani ililetwa na Greta Thunberg na wanafunzi wenzake waliosusia masomo. Greta alianza kuketi nje ya bunge la Sweden Agosti 2018. Wakati huo chama cha Kijani cha Ujerumani kilikuwa na umri wa miaka 38 na kilikwisha kuongoza wizara ya mambo ya nje kwa miaka 7. Huko huko Sweden, chama cha Miljöpartiet kilikuwa ndani ya serikali.

Anayetaka kuujua mwanzo aanzie Wyhl, kijiji cha kusini-magharibi mwa Ujerumani kando ya mto Rhine, katika eneo la wakulima wa zabibu. Serikali ya jimbo la Baden-Württemberg, chini ya Hans Filbinger wa chama cha kihafidhina cha CDU, iliamua kujenga kinu cha nyuklia pale, na Filbinger akaonya kwamba bila kinu hicho taa zingeanza kuzimika kabla ya muongo ule kwisha. Wakulima hawakuwa na itikadi ya kumjibu. Walikuwa na hofu ya ukungu: mvuke wa minara ya kupozea mtambo ungetanda juu ya mashamba, jua lingepungua, na zabibu zingekosa utamu au kuoza. Februari 1975 mitambo ya ujenzi ilipoingia msituni, watu wa vijijini walikwenda kusimama mbele yake. Polisi waliwatoa kwa mabomba ya maji, katika baridi ile ya Februari. Jumapili iliyofuata, tarehe 23, watu zaidi ya 20,000 walirudi na kuukalia uwanja, na uwanja ukakaliwa kwa miezi kadhaa. Walijenga nyumba ya mbao ya mikutano, wakaendesha humo masomo ambapo wataalamu waliketi na wakulima kujadili mionzi, umeme na sheria. Wafaransa wa Alsace walivuka mto kuwaunga mkono, wakielewana nao kwa lahaja ya pande zote mbili za mpaka. Kinu hakikujengwa, na taa hazikuzimika. Mji jirani wa Freiburg ukawa kitovu cha utafiti wa nishati ya jua, na mwaka 2002 ukamchagua meya wa Kijani, Dieter Salomon.

Mapambano ya namna hiyo yalienea hadi Brokdorf na Gorleben, kaskazini mwa Ujerumani, na vikundi vya wananchi vilivyoyaendesha ndivyo vilivyokutana Karlsruhe Januari 1980 kuunda chama. Kwingine walikuwa wametangulia. Uingereza chama cha aina hiyo kilianzishwa Coventry mwanzoni mwa miaka ya 1970. Uswisi ilimpeleka Daniel Brélaz bungeni mwaka 1979, Mwanakijani wa kwanza duniani kuingia bunge la taifa. Ufaransa, mwaka 1974, mgombea urais René Dumont alinyanyua glasi ya maji mbele ya kamera za televisheni na kuwaambia wananchi kwamba maji hayo yana mwisho. Alipata asilimia 1.3. Dumont alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyeijua Afrika vizuri. Tanzania ilimwita kuchunguza kilimo chake, na ripoti yake kuhusu kilimo baada ya Azimio la Arusha ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1969. Mgombea wa kwanza wa mazingira katika mbio za urais wa Ufaransa alikuwa mtu aliyetumia maisha yake kuwaza njaa na udongo wa nchi maskini. Hilo husahauliwa na wanaosema mazingira ni starehe ya walioshiba.

Dai la pili ni tusi la zamani: Wanakijani ni matikiti maji, kijani nje, nyekundu ndani. Chembe ya kweli ipo. Joschka Fischer, aliyekuja kuwa waziri wa Kijani, alitoka katika mapambano ya mitaani ya mrengo wa kushoto Frankfurt, na Winfried Kretschmann alikuwa mfuasi wa Mao akiwa mwanafunzi. Tazama lakini waliokuwa katika kuasisi chama. Herbert Gruhl alikuwa mbunge wa CDU kabla ya kukihama chama hicho. Baldur Springmann alikuwa mkulima mhafidhina kabisa. Petra Kelly alitoka katika harakati za amani na haki za raia, na baadhi ya miaka ya ujana wake aliiishi Marekani. Wahafidhina wengi walijitoa mapema, hilo nalo ni kweli, kwa hiyo chama kilielemea kushoto. Kretschmann, ambaye sasa ni Mkatoliki wa kwenda kanisani, akawa Waziri Kiongozi wa Baden-Württemberg mwaka 2011, katika jimbo la Mercedes, Porsche na Bosch, na chini yake chama kilipata asilimia 32.6 mwaka 2021. Wapiga kura wa jimbo hilo si watu wa kuchagua ukomunisti.

Jibu zito zaidi linatoka upande wa mashariki wa ukuta wa Berlin, na sijui kwa nini halitajwi. Katika Ujerumani Mashariki serikali ya kikomunisti ilizifanya takwimu za uchafuzi wa hewa na mito kuwa siri ya dola. Mwaka 1986 vijana wa Berlin Mashariki wakafungua maktaba ya mazingira katika vyumba vya parokia ya Kanisa la Zion, wakachapisha jarida lao kwa mashine ya mkono. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Novemba 1987 mashushushu wa Stasi, idara ya usalama ya serikali hiyo, waliivamia maktaba, wakachukua mashine na kuwakamata waliokuwemo. Watu walikesha kanisani na mishumaa, habari zikafika magharibi, na serikali ikalazimika kuwaachia. Budapest, kikundi cha Duna Kör kilipinga bwawa la Nagymaros kwenye mto Danube. Estonia mwaka 1987 walipinga uchimbaji wa fosforaiti. Bulgaria walikuwepo wanaharakati wa Ecoglasnost. Katika nchi hizo mazingira yalikuwa mlango wa kuupinga ukomunisti, kwa sababu kuuliza kuhusu maji ya mto kulionekana hakuna hatari kama kuuliza kuhusu chama tawala. Baadhi ya wanaharakati wa Ujerumani Mashariki walikusanyika katika Bündnis 90, wakaungana na chama cha Kijani cha magharibi mwaka 1993, na jina lao liko hadi leo mbele ya jina la chama. Na Waziri Mkuu wa kwanza wa Kijani duniani, Indulis Emsis wa Latvia, mwaka 2004, alitoka katika chama cha kihafidhina sana, kiasi kwamba Wanakijani wenzake wa Ulaya walikifukuza mwaka 2019.

Tatu, ni chama cha wasomi wenye pesa. Hapa nakubali zaidi ya nusu. Kura zao leo hutoka kwa waliosoma, katika miji ya vyuo vikuu na mitaa ya kati, na mkulima aliyesimama Wyhl mwaka 1975 angeweza kujisikia mgeni katika mikutano yao ya leo. Sheria ya Ujerumani ya kupasha nyumba joto ya mwaka 2023 ilionyesha udhaifu huo. Waziri wa Kijani Robert Habeck alitaka mitambo mipya ya kupashia joto itumie angalau asilimia 65 ya nishati jadidifu. Nia ilikuwa sahihi, lakini rasimu ilivuja kabla ya mpango wa ruzuku kuelezwa, na mstaafu mwenye nyumba ya zamani mashambani akasikia kwanza habari ya gharama. Ruzuku iliyokuja baadaye iliweza kufika asilimia 70, ila hofu ilikwisha kuingia nyumbani. Hilo ni kosa la siasa, nao walionja joto ya jiwe. Tajiri hata hivyo ana njia za kuukimbia moshi. Anayeishi kando ya barabara kuu au bondeni penye kiwanda hana. Ukweli kwamba walioandika sheria wana shahada haubadili nani anavuta hewa ipi.

Sasa nifike kwenye nyuklia, maana ndilo dai linalopigiwa kelele kuliko yote: kwamba Wanakijani walifunga vinu vya Ujerumani na kuirudisha nchi kwenye makaa ya mawe. Tarehe zenyewe zinakataa. Ni kweli serikali ya Kansela Gerhard Schröder, wakiwemo Wanakijani, ilikubaliana na makampuni ya umeme mwaka 2000 kuviondoa vinu hatua kwa hatua, na sheria ikapitishwa mwaka 2002. Mwaka 2010 Kansela Angela Merkel aliurefusha muda wa vinu. Machi 2011 ikatokea ajali ya Fukushima, na Merkel yule yule, akiongoza muungano usio na Mwanakijani hata mmoja, akazima vinu 8 na kupeleka bungeni sheria ya kumaliza vilivyobaki ifikapo mwisho wa 2022. Tarehe 30 Juni 2011 wabunge 513 walisema ndiyo, kutoka karibu vyama vyote. Iliyofunga nyuklia ya Ujerumani ni Ujerumani yenyewe, kwa uamuzi wa mwanafizikia aliyekuwa kansela wa chama cha kihafidhina.

Kisha ikaja vita ya Ukraine. Habeck, waziri wa Kijani aliyeongoza wizara ya uchumi, ndiye aliyekuwa serikalini vinu vitatu vya mwisho, Isar 2, Emsland na Neckarwestheim 2, viliporefushiwa muda kutoka Desemba 2022 hadi 15 Aprili 2023. Vitatu hivyo vilikuwa vikitoa takriban asilimia 6 ya umeme wa nchi. Na katika mwaka ule wa 2023 umeme wa makaa ya mawe ulishuka sana, haukupanda.

Mwenye kutaka kuwalaumu ana hoja moja iliyo imara, nami naiunga mkono: mpangilio ulikuwa mbaya. Nchi iliyo na makaa na nyuklia, kama lengo lake ni hewa ya dunia, ilipaswa kuanza na makaa. Sheria ya kuondoa makaa ilikuja mwaka 2020 tu, ikiwa na mwisho wa 2038, nayo pia ni ya serikali ya Merkel. Wanakijani hawakuupigania mpangilio mwingine kwa sababu nyuklia ndiyo iliyowazaa, na ni vigumu mtu kulitazama upya jambo lililomzaa. Wa Finland waliweza. Chama chao kilijitoa serikalini mara mbili, mwaka 2002 na 2014, kwa kupinga vinu vipya. Mwaka 2022 mkutano wao mkuu uliikubali nyuklia kama sehemu ya umeme usio na kaboni. Kwa hiyo hata kusema Wanakijani wote wa Ulaya ni wapinga nyuklia hakusimami tena.

Dai la tano lina sura mbili zinazogombana, na husemwa na mtu yule yule: hawafanyi kitu wakiwa madarakani, na tena wamesaliti kila walichosimamia. Usaliti naujua unakotoka. Mwaka 1983 waliingia bungeni Bonn na matawi ya misonobari iliyokauka kwa mvua ya tindikali. Desemba 1985 Fischer aliapishwa kuwa waziri wa mazingira wa jimbo la Hesse akiwa amevaa raba nyeupe. Mei 1999, akiwa waziri wa mambo ya nje, alisimama Bielefeld kuutetea ushiriki wa Ujerumani katika mashambulizi ya NATO dhidi ya Yugoslavia, chama cha amani kikimsikiliza, na mtu akamrushia mfuko wa rangi nyekundu uliomuumiza sikio. Wanachama wengi walikihama chama. Na Januari 2023 kijiji cha Lützerath kilibomolewa kupisha mgodi wa makaa, kwa makubaliano ambayo mawaziri wa Kijani waliyatia saini ili makaa ya magharibi mwa nchi yaondoke mwaka 2030 badala ya 2038. Vijana waliokokotwa na polisi kwenye tope lile walikuwa wapiga kura wao. Siwezi kuwaambia vijana hao kwamba walikosea kuumia.

Hawafanyi kitu, hapana. Mwaka 2000 mbunge wa Kijani Hans-Josef Fell na mwenzake wa chama cha SPD Hermann Scheer waliongoza kazi ya kuandika sheria ya nishati jadidifu. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza: yeyote anayezalisha umeme wa jua au upepo, awe mkulima, shule au kampuni, mwenye gridi lazima aununue kabla ya umeme mwingine, kwa bei iliyopangwa kwa miaka 20. Benki zikaweza kukopesha, kwa kuwa mapato yalijulikana. Wakati ule asilimia 6 hivi ya umeme wa Ujerumani ilitokana na nishati jadidifu; mwaka 2023 ilizidi nusu. Ujerumani ikawa kwa miaka kadhaa soko kubwa kuliko yote duniani la paneli za sola, viwanda vya China vikapanuka kulihudumia, bei ikaporomoka. Mama anayenunua paneli Luthuli Avenue jijini Nairobi, au Kariakoo jijini Dar es Salaam, kwa bei anayoimudu, ananufaika na bili ambayo raia wa Ujerumani aliilipa kwanza. Sijaona chama kingine kidogo cha Ulaya ambacho sheria yake imefika paa nyingi hivyo.

Austria wametupa mfano wa karibu zaidi. Tarehe 17 Juni 2024 mawaziri wa mazingira wa Umoja wa Ulaya walikutana Luxembourg kupigia kura sheria ya kurejesha uasili, inayodai asilimia 20 ya nchi kavu na bahari ya Umoja iwe katika hatua za kufufuliwa ifikapo 2030. Ilihitaji nchi zenye asilimia 65 ya watu wote. Kansela Karl Nehammer, mshirika wa Wanakijani katika serikali ya mseto, aliuarifu uenyekiti wa Baraza la Umoja wa Ulaya kwamba waziri wake hana ruhusa ya kukubali. Waziri huyo, Mwanakijani Leonore Gewessler, akapiga kura ya ndiyo. Hesabu ikafika asilimia 66.07, na bila Austria sheria ingeanguka. Chama cha kansela kilitangaza kumshtaki kwa kutumia cheo vibaya. Septemba ya mwaka ule ule Wanakijani wa Austria walishuka kutoka asilimia 13.9 hadi 8.2. Walilipa, na sheria ipo.

Basi je, wamekwisha? Walizikwa Desemba 1990, Ujerumani ilipoungana na wao wakafanya kampeni ya hali ya hewa. Wale wa magharibi walipata chini ya asilimia 5 na kutupwa nje ya bunge. Miaka minane baadaye walikuwa serikalini. Ireland walipoteza viti vyote 6 mwaka 2011, wakarudi na 12 mwaka 2020, wakabaki na 1 mwaka 2024. Ujerumani mwaka 2025 walipata asilimia 11.6 na kwenda upinzani, kura ambazo mwaka 1998, walipopata 6.7, wangezipokea kwa shangwe. Kinachoamua zaidi ni namna kura zinavyogeuzwa kuwa viti. Mwaka 1989 Wanakijani wa Uingereza walipata asilimia 15 katika uchaguzi wa Ulaya na hawakupewa kiti hata kimoja, maana aliyeongoza katika jimbo ndiye aliyechukua kila kitu. Mbunge wao wa kwanza Westminster, Caroline Lucas, alipatikana mwaka 2010. Mwaka 2024 wakapata 4.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayojibu dai la mwisho, kwamba haya ni mambo ya Wazungu yasiyoota kwetu. Wangari Maathai, aliyetunukiwa Nobel mwaka 2004, aliongoza chama cha Mazingira Green Party of Kenya. Desemba 2007, baada ya kushindwa katika mchujo wa muungano wa PNU, aligombea tena ubunge wa Tetu kupitia chama kidogo, akaanguka. Kenya iliurithi mfumo wa Waingereza, na viti 12 vya kuteuliwa katika Bunge la Taifa hugawiwa kwa kufuata idadi ya wabunge ambao chama kimekwisha kupata, si kura zake nchini. Rwanda wanatumia orodha za vyama na kizingiti cha asilimia 5, kama Ujerumani. Siasa za huko zina mipaka mikali: makamu mwenyekiti wa Democratic Green Party, André Kagwa Rwisereka, aliuawa Julai 2010, na chama kilisajiliwa 2013 tu. Hata hivyo mwaka 2018 kilipata viti 2 bungeni, na mwaka 2024 kikavitetea.